Tulivyoliposa Gari la Bibi

Bibi alisusa kupanda pikapu ya Baba Mkubwa siku alipoteremshwa nayo mbele ya hospitali ya Utete, na mama mmoja akamfuata na ndoo kumuuliza kamba kilo shilingi ngapi. Bibi alikuwa amevaa kanga mpya na amejifukiza udi. Akamjibu kwamba leo hauzi, kaja kuonyesha mguu.

Aliporudi Kibiti akamwita Baba Mkubwa, ambaye ni mwanawe wa kwanza na kaka yake baba yangu, akamwambia hatapanda tena chombo chochote kilichowahi kubeba kitu kabla yake. Si samaki, si magogo, si mtu.

"Hata mtu, Mama?"

"Mtu ndiye anayenuka zaidi."

Nimtetee kidogo. Baba Mkubwa ananunua kamba kwa wavuvi wa huko delta, boti yake inawatoa hadi Nyamisati, kisha pikapu inawapeleka Dar wakiwa kwenye maboksi ya barafu. Barafu inayeyuka. Yale maji yameingia kwenye viti, kwenye mikanda, nadhani hata kwenye redio. Mimi hupelekwa shuleni na pikapu hiyo kila muhula ukifunguliwa. Niko kidato cha tatu sasa na nina marafiki wachache, ila paka wa bwenini wananipenda wote.

Bibi alitakiwa kliniki ya mguu kila mwezi. Mwezi wa kwanza hakwenda. Mwezi wa pili hakwenda, na mguu ukavimba mpaka ndara ikakataa. Daktari anayeujua mguu ule yuko Utete, na Bibi hataki kuutambulisha upya kwa mtu mwingine. Baba Mkubwa akamwambia kuna magari mazuri tu yanatoka Japani, yametumika kidogo.

"Huko Japani lilikaliwa na nani?"

"Mjapani, Mama."

"Haya basi, Mjapani si mtu?"

Ndipo Baba Mkubwa akauza shamba lake la mikorosho lililo kando ya lami, kwa mtu anayetaka kujenga kituo cha mafuta. Akapata milioni mia moja na sabini. Hapa lazima niseme ukweli: picha ya gari alilotaka kununua aliitunza kwenye simu yake miaka miwili kabla mguu wa Bibi haujaanza kuuma. Gari kubwa, jeusi, viti vya ngozi, jipya kabisa. Mguu ulimpa sababu tu. Tatizo ni kwamba lilikuwa likiuzwa mia moja na tisini, na zile ishirini za juu ndiyo bei ya boti pamoja na injini yake. Boti ndiyo inayotulisha. Ndiyo inayonilipia ada. Baba Mkubwa akatangaza mbele ya watu wote wa nyumbani kwamba boti haitauzwa. Kwa hiyo ama gari lishuke milioni ishirini, ama Bibi akae na mguu wake.

Baba Mkubwa hajui kubishania bei ya kitu anachokipenda. Kwenye kamba ni mkali, kwa sababu kamba hawapendi. Lakini akipenda kitu uso unamlegea, na muuzaji anauona kutoka barabarani. Mwenyewe analijua hilo. Akaona amtafute mtu wa kumsemea, na pale Kibiti mtu anayejua kushusha bei ya kitu kikubwa ni mmoja: mshenga. Huyu mzee amepeleka posa za nusu ya mji. Wanasema hakuna mahari aliyotajiwa ikabaki vile vile. Akakubali, kwa sharti kwamba mambo yaende kwa utaratibu wake.

Mimi nilikuwa likizo. Nikachukuliwa ili nisome yale maandishi madogo ya Kiingereza chini ya karatasi za mauzo. Tukaondoka alfajiri, watatu kwenye pikapu. Mshenga alivaa kanzu, koti na kofia ya kufuma, na njia nzima alikaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyeambiwa kiti kina kinyesi.

Tulipofika Dar, mbele ya duka la magari lenye kuta za vioo, Baba Mkubwa akafungua mlango ashuke.

"Unakwenda wapi?" mshenga akamuuliza.

"Ndani."

"Umeona wapi mwoaji anakwenda kujiposea mwenyewe?"

Baba Mkubwa akafunga mlango. Akabaki kwenye pikapu, juani, na pikapu ikaendelea kudondosha maji ya kamba kwenye vigae vya watu. Nilipogeuka nilimwona mlinzi akimwendea huku ameziba pua.

Ndani kulikuwa na baridi ya friza. Dada wa mauzo, mzuri, kucha ndefu, akatuamkia, akatukalisha, akatuletea maji, akauliza atusaidie nini. Mshenga hakujibu. Akamtazama akitabasamu. Dada akauliza tena. Mshenga akaingiza mkono kwenye koti, akatoa bahasha, akaisogeza mezani kwa vidole viwili.

"Hii nini, mzee?"

"Ya kufungulia mdomo."

Ukutani, juu kidogo ya kichwa chake, kulikuwa na tangazo kwamba ofisi hii haipokei rushwa. Dada akaisukuma bahasha irudi. Mshenga akaelewa kwamba ni ndogo. Akatoa elfu tano nyingine, akaiweka juu. Dada akasimama, akaenda kumwita meneja. Mshenga akaniinamia.

"Familia ya maana hii. Wanaita wakubwa."

Meneja alikuwa mtu wa makamo, tai imemkaba. Akampa mshenga shikamoo, akapokea marahaba, akakaa. Na hapo mzee wetu akaanza. Akasema tumetoka mbali, Kibiti, tumepita humu barabarani tukaona nyumba nzuri, tukajiuliza wenyewe ni watu gani, tukaambiwa ni watu wa heshima. Akasema ndani ya nyumba hii tumeona binti. Akalionyesha gari jeusi kwa kidevu, maana kumnyooshea kidole ni utovu wa adabu. Binti ametulia, akasema. Hana makelele. Macho makubwa. Umbo lake ukilitazama unajua kalelewa, hakuokotwa. Sisi kwetu hatujapata kuona mfano wake.

Nikamkanyaga mguu. Akausogeza.

Kuna kitu nilikitambua pale na sikuwa na namna ya kukisimamisha. Kwenye posa lazima umsifie binti, usipomsifia utafukuzwa. Na lazima umsifie mwoaji, wazazi wajue mtoto wao hatalala njaa. Mzee alikuwa anafanya kazi yake kama alivyoifanya miaka yote, bila kosa hata moja.

"Na kijana wetu," akaendelea. Kijana ana miaka hamsini na sita. "Kijana wetu hanywi. Hadaiwi. Ana nyumba ya bati la rangi. Friza tatu. Boti yenye injini. Juzi kauza shamba la lami na hela hajagusa hata moja, zipo benki zinamsubiri binti."

Meneja akafungua ukurasa mpya wa daftari lake. Simu yangu ikalia. Ilikuwa Baba Mkubwa.

"Wamefika ngapi?"

"Bado tuko kwenye friza zako."

"Friza zangu zimeingiaje humo?"

Meneja akasema kwa mteja mwenye uwezo kama huyo asingeshauri kuchukua gari tupu. Kuna mazulia, kuna vioo vya giza, kuna matengenezo ya miaka mitano yanayolipiwa mapema. Akapiga hesabu. Mia mbili na tano. Mshenga akaitikia kwa kichwa taratibu, kwa maana hata kwenye mahari bei ya kwanza haikasirikiwi. Akajibu kwamba sisi hatukuja kununua, tumekuja kuomba. Meneja akasema hata yeye haombwi, anauza. Kila mmoja akawa anamngoja mwenzake ajue taratibu.

Mimi nikaondoka. Nikaenda kwa binti mwenyewe. Dada wa mauzo akanifungulia mlango, nadhani kwa kunihurumia, nikakaa kwenye usukani. Kulikuwa kunanuka duka la viatu. Akaniwashia taa za dashibodi nione zinavyopendeza, na katikati ya taa hizo nikasoma namba: kilomita mia sita na arobaini.

"Dada, hizi kilomita limezitembea lini?"

"Hili ni la maonyesho," akasema kwa sauti ndogo. "Wateja wanalizungusha kidogo, wanalijaribu."

Nikarudi mezani. Nakiri nilitaka kuchekesha tu, kwa sababu nusu saa nzima nilikuwa nasikiliza jinsi binti anavyonadiwa, na mimi ni binti.

"Babu," nikasema, "mchumba ameshatoka nyumbani. Ana kilomita mia sita na arobaini. Na si kwa mtu mmoja."

Mshenga akaweka glasi chini. Akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. Sijawahi kumwona mtu mzima akibadilika hivyo. Kumbe ile sehemu ya kwanza yote ilikuwa salamu.

"Mwenzangu," akamwambia meneja, polepole, "nimepeleka posa miaka thelathini. Sijapata kukaribishwa kwenye nyumba nikapewa maji, nikamsifia mtoto wa watu kwa mdomo wangu huu, halafu nikaja kuambiwa na mjukuu."

"Mzee wangu, hilo ni la kawaida kwenye—"

"La kawaida kwenu. Kwetu nitarudi niseme nini? Wanaume wangapi?"

"Hatuweki rekodi," meneja akasema. Nadhani hakuwahi kujibu swali hilo kazini.

Mshenga akasimama aondoke. Hakujifanya kama sisi tunavyojifanya sokoni, ukifika mlangoni unapunguza mwendo. Alikuwa anaondoka kweli, amechukua na bahasha yake. Meneja akamfuata mpaka nje, na huko nje ndiko bei ilikoshuka, kwa awamu, wakitembea kando ya pikapu, meneja akivuta pumzi kwa mdomo. Mazulia yakafutwa. Vioo vya giza vikafutwa. Kufika ubavuni pa maboksi ya barafu ilikuwa mia moja na sabini na tano. Mshenga akauliza yeye atamfichaje mwoaji jambo hilo, na huyu hapa amekaa ndani ya gari, anawasikia. Mia moja na sabini.

Kisha meneja, kwa uungwana, akasema kuna jingine boharini, rangi hiyo hiyo, halijakaliwa na mtu, viti bado vina nailoni. Hilo ni mia moja na tisini, na hashuki.

Baba Mkubwa akashuka kwenye pikapu, maana sasa kulikuwa na jambo ambalo mshenga hawezi kumsemea. Akaenda akakaa ndani ya lile la maonyesho. Uso ukamlegea, kama nilivyosema. Nikaenda nikakaa pembeni yake.

"Bibi yako hawezi kujua," akasema.

"Mimi najua."

"Wewe nakulipia ada."

Akashika usukani, akatazama nje kwenye kioo. Hakuwa na furaha hata kidogo. Najua alikuwa anaiona boti, halafu anamwona mama yake, halafu boti.

"Nailoni za lile jingine," akamwambia meneja, "mnaweza kuzitoa mkazivalisha hili?"

Meneja akasema hajawahi kuombwa. Mshenga akamwambia huo ndio mkaja, kila mahari ina mkaja wake, nao ndio wa mama. Zikaletwa nailoni.

Wiki iliyofuata tukampeleka Bibi Utete. Alilizunguka gari mara moja kwa fimbo yake, akainama akanusa kiti.

"Halijabeba kitu?"

"Wewe ndiye wa kwanza, Mama," Baba Mkubwa akasema, akageuka upesi kukagua tairi.

Mimi nilikaa nyuma na Bibi. Kwenye lami mambo yalikuwa mazuri. Tulipovuka daraja tukakata kona Nyamwage kuingia njia ya vumbi, nailoni ikaanza. Kila shimo Bibi anateleza kuja kwangu, kila kona natelezea kwake, na ile nailoni inalia kama bata. Akavumilia kama nusu saa. Kisha akaniambia niichane.

Nikaichana taratibu, Baba Mkubwa akinitazama kwenye kioo kwa macho ya mtu anayehukumiwa. Bibi akaingiza mkono kwenye ufa wa kiti ajishike vizuri. Ukatoka na kibanio cha nywele cha mtoto, cha njano, chenye kipepeo.

Akakitazama. Akatazama kisogo cha mwanawe, aliyekuwa anaendesha polepole, mikono yote miwili kwenye usukani, kama amepakia mayai. Akakifunga kibanio kwenye pindo la kanga, hakusema kitu mpaka tulipokaa wawili kwenye benchi la kliniki.

"Mke mwenzangu," akaniambia. Ndivyo anavyoniita. "Ulijua?"

"Nilijua, Bibi."

"Limekaliwa sana?"

"Kilomita mia sita na arobaini."

"Boti ipo?"

"Ipo Nyamisati."

Akasugua goti.

"Babu yako alinioa nimeshaachika mara mbili," akasema. "Mshenga wake akalishika hilo hilo, wazee wangu wakashusha mahari nusu. Hela iliyobaki babu yako akanunulia mtumbwi. Mimi nilijua, na yeye alijua najua. Tumekaa miaka arobaini hatujalitaja."

Nesi akaita jina lake. Akainuka kwa fimbo, akafungua pindo, akaniwekea kibanio kiganjani.

"Nenda ukakirudishe pale pale. Na nailoni uitandike tena."

Nikafanya hivyo. Mchana tukarudi Kibiti tukiteleza, yeye kwangu, mimi kwake. Na kila shimo Baba Mkubwa aliuliza, "Mama, umekaa vizuri?" Bibi akajibu kila mara, bila kubadili neno, kwamba amekaa kama bibi harusi.