Siku Mtoa Damu Hakugombeza Mtu

Saa moja kasorobo asubuhi. Mlango wa chumba cha kutolea damu umefunguliwa nusu tu, lakini sauti ya mwenye chumba inasikika tangu kwenye ngazi.

"Nani kakwambia uje na sweta la mikono ya kubana? Nikuchome begani kama ng'ombe?"

Anayegombezwa ni dereva wa lori, pande la mtu, taulo shingoni. Anavua sweta, anakaa kwenye kiti cha plastiki na kunyoosha mkono.

"Mbu, leo umeamka na njaa," anasema.

"Njaa unayo wewe. Maji umekunywa?"

"Kikombe kimoja."

"Kikombe cha nani, cha mwanasesere?"

Anamfunga mpira juu ya kiwiko, anapapasa kwa kidole, anachoma. Dereva hakunji hata uso. Vichupa viwili vinajaa damu, kimoja cha kifuniko cha zambarau, kingine cha njano.

Mbu si jina la kuzaliwa. Ni mama wa miaka hamsini na mmoja, mjane, mwembamba, miwani yake imefungwa kamba ili isidondoke anapoinama. Amewatoa watu damu katika kliniki hii ya saratani kwa miaka kumi na minane. Jina alipewa na wagonjwa, naye hana kinyongo nalo.

Damu anayoitoa ina kazi mbili. Kichupa cha kwanza kinaonyesha kama mwili una nguvu za kuhimili dozi nyingine ya dawa. Cha pili, kwa baadhi ya saratani, kinapima kitu ambacho uvimbe wenyewe unakiachia kwenye damu. Namba ikishuka, dawa inafanya kazi. Ikipanda na kuendelea kupanda, dawa inashindwa, na daktari hutafuta njia nyingine kama ipo.

Bei ya kipimo hicho cha pili inakaribia mshahara wa Mbu wa wiki nzima. Hakuna anayekifanya kwa mchezo, na watu husubiri majibu yake roho zikiwa mkononi.

Majibu hutolewa na daktari peke yake. Mbu haruhusiwi kusema, na wala wakati anachoma hajui chochote, kwa sababu damu haijapimwa. Wagonjwa hawataki kusikia hilo. Kwao, yeye ndiye anayeiona damu kwanza, kwa hiyo lazima anajua. Kwa kuwa hasemi, wameamua kumsoma usoni.

"Akikugombeza, una maisha," dereva anamweleza mwandishi wa makala haya kwenye benchi la nje, akibana pamba mkononi. "Akikuonea huruma, nenda kaandike wosia."

Benchi zima linacheka, na mwandishi pamoja nalo. Asiyecheka ni mwanamke mmoja aliyekaa mwisho kabisa, karibu na ukuta. Ni fundi cherehani wa miaka thelathini na minane, na ana saratani ya ovari. Yeye aliuamini utani huo, na umemgharimu.

Mwaka jana, alipoanza dawa, namba yake ilikuwa zaidi ya mia sita. Kabla ya dozi ya nne alikuja kutoa damu kama kawaida.

"Siku hiyo jino lilikuwa linaniua," anasimulia Mbu. "Shavu limevimba hivi, mdomo haufunguki. Akaingia huyu mdogo wangu. Nikamshika mkono taratibu, nikamchoma, nikamwambia, 'Pole, mdogo wangu.' Basi. Sikusema kingine."

Fundi alikuwa ameshasikia kutoka kwa Mbu maneno ya kila aina, lakini pole hakuwahi kuambiwa.

"Niliuangalia mkono wake juu ya wangu," anasema fundi. "Nikajua safari yangu imefika."

Hakumsubiri daktari. Alikwenda nyumbani akawarudishia wateja vitambaa vyao, vingine vimekatwa bila kushonwa. Cherehani alimpa binti ya dada yake. Aligawa sufuria, mashuka, hata pazia. Simu aliizima, maana hakutaka kuambiwa jambo ambalo aliona analijua tayari.

Majibu yalitoka mchana uleule. Namba ilikuwa imeshuka hadi tisini.

Inauma kuandika sentensi hiyo. Dawa ilikuwa inashinda, na mgonjwa alikuwa nyumbani anagawa vyombo.

Kliniki ilipiga simu, ikapiga tena, ikachoka. Ilipita miezi miwili kabla Mbu hajaanza kuulizia. Dereva wa lori, anayeishi mtaa mmoja na fundi, ndiye aliyemwonyesha nyumba.

"Nilimkuta kwenye godoro, chumba kitupu kama watu wanahama," anasema Mbu. "Nikamuuliza, mbona hivi? Akaniambia, 'Dada, si wewe uliniambia?' Nikakaa palepale sakafuni."

Alipoinuka alimgombeza mpaka majirani wakatoka nje. Kesho yake alimleta kliniki mwenyewe. Kipimo kilionyesha zaidi ya mia saba.

Hakuna anayeweza kuapa kwamba ni dozi zilizorukwa ndizo zilizoleta hayo. "Ugonjwa huu hurudi hata kwa mtu asiyekosa siku moja," anasema daktari wake. Mbu amemsikia, lakini moyo wake haujakubali. Alikwenda kung'oa lile jino, na anasema tangu hapo hajalala usingizi wa kushiba.

Fundi alirudishiwa dawa ileile. Amemaliza dozi mbili, na damu ya leo ndiyo itakayosema kama dawa hiyo bado inang'ata.

Zamu yake inafika. Anakaa, anakunja mkono wa gauni. Ngozi ya ndani ya kiwiko imeingia weusi kwa sindano zilizopita.

"Umekula?" Mbu anauliza.

"Nimekunywa chai."

"Chai nayo ni chakula? Mtu mzima unaondoka kwako na maji ya majani..." Anaishia hapo, anachukua mpira wa kufungia.

"Usijilazimishe, dada," fundi anamwambia polepole. "Leo namsubiri daktari."

Mshipa wa kushoto unagoma. Mbu anauacha, anahamia mkono wa kulia, kisha nyuma ya kiganja. Hapo damu inakuja, matone kwa matone. Kichupa cha njano ndicho kinachojaa mwisho.

Saa nane mchana fundi anaitwa kwa daktari. Hakai sana. Akitoka anasimama ukumbini akipanga karatasi zake kwenye mfuko wa nailoni, anazitoa, anazipanga upya.

Namba imepita mia tisa. Dawa ya zamani imeshindwa. Ipo nyingine moja, ambayo huwasaidia wachache, tena kwa muda, na inatapisha kuliko ile ya kwanza. Anaweza kuijaribu, au abaki nyumbani na dawa za maumivu. Amepewa wiki moja ya kufikiri.

Badala ya kushika njia ya nyumbani, anarudi chumba cha damu, ambako Mbu anafuta kiti.

"Ungekuwa wewe, dada, ungefanyaje?"

Kwa miaka kumi na minane Mbu amekuwa na jibu moja la swali hilo: kamuulize daktari. Leo anaweka kitambaa chini.

"Ningejaribu," anasema. "Lakini mimi naogopa kufa. Wewe sijui unaogopa nini."

Fundi anafikiri. "Naogopa kutapika mbele ya wanangu. Dozi iliyopita mdogo alinishikia beseni mpaka mikono ikamtetemeka. Ana miaka saba."

Mbu anakaa kwenye kiti cha wagonjwa na kulia waziwazi, miwani ikining'inia kifuani. Fundi ndiye anayempigapiga mgongoni.

Siku hizi, kabla ya kumchoma mgonjwa mpya, Mbu humtangazia: "Mimi sijui kitu. Nikinuna ni jino, nikicheka ni mshahara. Habari zako anazo daktari." Amemwomba pia mganga mkuu kwamba mgonjwa yeyote asiruhusiwe kuondoka bila majibu. Mganga mkuu amesema wazo ni zuri, na mpaka leo limebaki wazo.

Jioni hiyohiyo, akifunga dirisha, anamweleza mwandishi mpango wake wa wiki ijayo. Fundi ametoka mlangoni muda mfupi uliopita.

"Nimemwambia, ukikubali dawa, kila siku ya dozi nahamia kwako. Beseni nashika mimi, mtoto anakwenda kucheza. Ukikataa, nakuja vilevile."

Na fundi alijibu nini?

"Hakusema ndiyo wala hapana. Aliniuliza kama nakoroma."

Anageuza ufunguo, anajaribu kitasa kama kimefunga.

"Nikamwambia nakoroma sana."