Mwalimu Hajasema Kaeni

Dada yangu alikuwa akifundisha hisabati katika shule ya msingi huko Kisarawe. Madaktari walipomwambia kwamba upasuaji wa koo ungemwondolea sauti, hakulia mbele yetu. Aliuliza swali moja tu: nani angewafundisha watoto wake wa darasa la nne somo la sehemu, maana ndilo lililokuwa linafuata. Mimi nilikuwa nimehitimu chuo, natengeneza zana za kujifunzia zinazofunguka kwenye kivinjari cha kompyuta, na niliamini kwa dhati kwamba jibu ninalo.

"Hutaacha kufundisha, dada," nilimwambia. "Tutaitunza sauti yako. Wewe utasimama darasani, yenyewe itasema."

"Basi harakisha, mdogo wangu. Bubu mwenye maneno mengi ni mzigo."

Kila mwisho wa juma alikuja nyumbani kwa wazazi wetu, mtaa wa Picha ya Ndege. Tulifunga madirisha kuzuia ngurumo za malori ya Barabara ya Morogoro, tukatundika khanga za mama ukutani ili sauti isirudi mwangwi, naye akakaa kitandani na kinasa sauti mbele yake. Kwenye zana nilichora muhogo ambao mtoto angeukata mwenyewe apate nusu, robo au thuluthi. Nilikuwa nimepanga kwamba anayekosea aambiwe, "Umekosea." Dada alikataa.

"Nani anapenda kuambiwa hivyo? Weka: Jaribu tena, nipo hapa."

Akayarekodi maneno hayo kwa namna nyingi: kwa upole, kwa utani, kwa sauti ya mtu aliyechoka kidogo lakini hajakata tamaa.

Mwanzo wa somo tuliuweka kama ulivyo katika madarasa yote tuliyoyajua. "Hamjambo, watoto?" Kisha kimya cha kuwatosha kujibu hatujambo, shikamoo mwalimu. Kisha "Marahaba," na muhogo ukatokea. Hakuna kati yetu aliyelikumbuka neno linalofuata salamu, kwa kuwa chumbani mle hapakuwa na mtu aliyesimama.

Baada ya upasuaji alirudi shuleni, kovu limefunikwa kwa kitambaa shingoni. Nilimsindikiza ili niunganishe kompyuta na projekta na spika. Akabonyeza kitufe. Sauti yake ya zamani ikajaa darasani, na watoto wakainuka wote kwa pamoja, wakaitikia, wakabaki wima. Muhogo ulikuwa tayari ukutani. Dada akashusha kiganja kuwaashiria wakae, kama alivyofanya siku zote. Hawakumwona. Walikuwa wakiitazama spika.

"Kaeni basi, si kaonyesha mkono," kiranja akanong'ona.

"Kwani wewe ndiye mwalimu?" msichana wa dawati la mbele akamjibu. "Mwalimu hajasema kaeni."

Darasa likacheka. Dada naye akatabasamu, akagonga meza kwa kifutio mpaka wakakaa.

Kinachoniuma ni kwamba somo lilikwenda vizuri. Walisukumana kugombea zamu ya kukata muhogo. Msichana yule alikosea, akaambiwa ajaribu tena, akajaribu, akaipata thuluthi. Dada alikuwa amesimama nyuma yake, karibu kabisa, mkono umenyooka kumgusa bega. Mtoto hakugeuka. Aliinama mbele ya spika kwa adabu zote alizofunzwa kwao, akasema, "Asante, mwalimu."

Mkono wa dada ukabaki hewani.

Tulipotoka aliandika kwenye simu yake, akanionyesha: "Zana iache. Wameelewa. Ila mimi usinirudishe mle." Nilimbembeleza. Nilisema ningeondoa salamu, ningeweka picha yake, ningebadilisha kila kitu. Akatikisa kichwa. Muhula uliofuata aliomba kusimamia stoo ya vitabu, akapewa. Stoo hiyo imepakana na darasa lile; ukuta ni mwembamba.

Chuoni nilifundishwa kupima kama mwanafunzi ameelewa. Kupima mwalimu anabakiwa na nini, sikufundishwa, wala mimi sikuuliza.

Jumamosi iliyopita mwalimu mkuu alinipigia simu. "Kijana, zana yako ni nzuri sana, ila watoto hawakai mpaka tuwafokee. Hebu tafuta humo dada yako aliposema kaeni, uliweke."

Nikazifungua rekodi zote, nimesimama mbele ya meza kama mtu mwenye haraka. Nikasikia nusu, robo, marahaba, kikohozi, kicheko chake, jaribu tena, nipo hapa. Kaeni halikuwamo. Nikarudia tangu mwanzo, nikaongeza sauti.

Dada alikuwa uani akichambua mchele. Aliingia polepole na ungo mkononi, akasikiliza. Niligeuka nimwombe radhi. Alinitazama, kisha akashusha kiganja taratibu, kama alivyokuwa akifanya darasani.

Nikakaa.