Kioo cha Mche Mzima

Siku yangu ya kwanza kazini kwenye maabara ya magonjwa ya mimea Tabora, Mkuu wa Maabara hakunionyesha ugonjwa wowote. Alikata shina la nyanya lenye afya, akapaka utomvu wake kwenye kioo, akaniambia nichungulie hadubini. Nikaona giza tupu.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu, mzee."

"Basi kila siku anza na hicho."

Nilidhani ni mbwembwe za uzee. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: unapaka utomvu wa mmea ulionyauka, unamwagia kingamwili zilizotiwa rangi ya kung'aa. Hizo hunasa bakteria wa mnyauko. Zisizonasa unaziosha, na chini ya taa ya hadubini bakteria huwaka kijani. Usipoosha vizuri, kila kioo kitawaka, cha mgonjwa na cha mzima; cha mzima kikiwaka, ujue kosa ni lako.

Niliporudi Tabora baada ya miaka kadhaa ya kupima magonjwa ya pamba Nzega, nilikuwa nimeshajiona fundi. Utomvu wa nyanya za Bi Zuhura, mkulima wa kijiji cha Kwihara, ukawaka kijani. Kioo cha mzima sikukipaka. Nikaenda mwenyewe kumwambia ang'oe bustani yote, achome. Bustani hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na wajukuu zake.

Siku tatu baadaye Mkuu akapitia daftari langu. "Cha mzima kiko wapi?"

Nikatoa utomvu uliobaki kwenye jokofu, nikapaka vioo viwili, cha mgonjwa na cha mzima, nikaosha taratibu. Giza kote. Nyanya zilikuwa zimezidiwa na maji tu, zingepona.

"Nitamwandikia barua," nikasema.

"Kumwambia ang'oe ulikwenda mwenyewe. Nenda tena."

Nilimkuta Bi Zuhura kando ya majivu ya nyanya zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yote. Niliona aibu, nikalia mbele yake. Akaniuliza:

"Hicho kioo chenu kinataka mche mzima?"

"Ndiyo, mama."

"Nikipanda tena, uje kuuchuma kwangu. Uchungulie ukijua ni wangu."

Nilifanya hivyo mpaka nilipostaafu. Bi Zuhura alishafariki, bustani analima mjukuu wake, na maabara bado inachuma pale. Nimewaachia vijana mashine nzuri kuliko zetu, na sina wivu nazo. Wakinipigia simu kwa furaha kwamba wameona kijani, nawauliza kwanza kama wameshafika Kwihara. Wakisita, nawaambia wasimng'olee mtu kitu.