Kipepeo Akiingia, Weka Maji ya Chai

Enzi zile sukari ikitafutwa kama dawa, nyumba ya Egidi pale Majengo, Songea, haikukaukiwa wageni. Alikuwa meneja wa duka la umma. Watu walitoka Peramiho, wengine Nalasi kabisa, kuja kumjulia hali, hata wenye mvi wakimpa shikamoo. Ikaja miaka ya ruksa, kila mtu akaachiwa kufanya biashara. Sukari ikajaa kila kibanda, duka la umma likafungwa, na hali ya Egidi ghafla haikumhusu mtu.

Mkewe, Walburga, hakuwa na muda wa kusikitika. Alipanda alizeti nyuma ya nyumba. Bwana shamba akamshauri apande na maua pembeni ili vipepeo waje, maana wakinywa utamu wa ua hili na lile hubeba unga wa maua, na bila unga huo alizeti hutoa makapi. Vipepeo wakaja, wakazidi, wakaingia hadi sebuleni.

Sasa, kipepeo akiingia ndani, nani asiyejua kwamba mgeni yuko njiani? Alipotua wa kwanza kwenye kitambaa cha kochi, Egidi alikwenda kuvaa Kaunda suti. Alipotua wa pili, aliagiza maji ya chai yabandikwe. Haukupita muda akawa mtaalamu: wa njano anatoka Peramiho, mweusi ni mtu wa serikali, wawili pamoja ni mtu na mkewe, ongeza kikombe. Siku lilipoingia kundi zima alichinja jogoo na kuazima viti parokiani. Akashinda katikati ya viti vitupu, kipepeo mmoja amekaa mstari wa mbele.

Walburga alichoka. Kuni zilizoteketea bure zilimuuma, lakini kilichomuuma zaidi ni kuona wadudu wakipokewa kwa heshima ambayo yeye hajaionja tangu aolewe. Akang'oa maua yote.

Vipepeo wakakoma. Alizeti zikatoa makapi, na hilo alilitarajia. Hakutarajia kwamba Egidi angeacha kunyoa ndevu, kisha aache kula, ashinde kitandani akitazama ukuta.

“Hakuna anayekuja, Mama Noela,” alimwambia mkewe.

Walburga aliogopa, akapanda maua upya. Yalipochanua, kipepeo mmoja akaingia. Egidi akajikokota, akavaa suti ambayo sasa ilimpwaya, akakaa kusubiri. Chai ikapoa. Walburga, akichungulia kutoka jikoni, alishindwa kuvumilia. Akajifunga khanga yake ya kuendea misa, akatoka mlango wa nyuma, akaizunguka nyumba mpaka mlango wa mbele.

“Hodi.”

“Karibu, mama,” Egidi akaitika. “Umefuata sukari?”

“Hapana. Nimekuja kukusalimia tu.”

Egidi akainuka, akamsogezea kiti.

“Basi kaa,” alisema. “Mgeni wa namna hii sijawahi kumpata.”