Sauti Katikati ya Wimbo

Sisi tuliohudhuria tamasha lile la roki uwanjani Homa Bay tuna kundi la WhatsApp. Wenzangu bado wanausifu ule wimbo mmoja uliochukua karibu nusu saa. Jana mwenzetu alituma rekodi yake, akalalamika kwamba katikati kuna mlevi anapiga kelele. Wote wakakubaliana sauti hiyo iondolewe.

Mlevi! Alikuwa mume wangu, na mkononi alishika soda. Kwetu Waluo, muziki ukikolea, mtu huisimamisha bendi ili amsifu ampendaye. Tunaiita pakruok. Wale vijana wa bendi, watu wa Nairobi, hawakuijua desturi hiyo, wakaendelea kupiga. Naye, mkaidi, akaendelea kunisifu vivyo hivyo. Mimi nilijifunika uso kwa leso, nikiona aibu, hata sikumsikiliza.

Huu ni mwaka wa pili tangu tumzike kijijini kwao, Uriri. Leo nimeicheza rekodi hiyo tena na tena, peke yangu sebuleni. Anasema, "Hebu nyamazeni, nimsifu mke wangu! Huyu mama ni…" kisha magitaa yanammeza.

Nimewaandikia: kama lazima kitu kiondolewe, ondoeni magitaa.