Poromoko Lililochorwa na Fideli

Siku yangu ya kwanza kazini, askari wakiwa bado wanarudi kutoka vitani, Mpimaji Mkuu alitupanga sisi wawili gatini Bukoba. Fideli, kijana wa Muleba, akapewa mashine ya mwangwi, ile inayotuma sauti hadi chini ya ziwa na kuchora kina kwenye karatasi. Mimi nikapewa ubao wa gatini, niwe nasoma maji yamepanda au yameshuka kiasi gani. Ubao! Nilimwonea wivu tangu saa ile, sifichi. Hata mwandiko wake mzuri uliniudhi.

Ninyi mnaoanza leo, kazi ilikuwa hivi: unapita na boti kwenye mstari uleule, mwaka baada ya mwaka, ukilenga alama mbili za nchi kavu. Kwenye kina unatoa kimo cha maji kilichosomwa ubaoni, kisha unalinganisha michoro. Ukikuta mteremko umepungua juu na udongo umejaa chini, ujue umeporomoka humohumo majini.

Mwaka wa pili Fideli alirudi kutoka kupima mstari wa kwao Muleba, anacheka peke yake.

"Waitu mzee, mlima umeanguka chini ya maji!" akamwambia Mpimaji Mkuu, kwa neno la heshima la kwao.

Mpimaji Mkuu akanigeukia. "Alitoa kimo cha maji?"

Alikuwa ametoa. Kipimo chenyewe nilimwandikia mimi.

"Sidhani, mzee," nikasema. "Huyu ana haraka."

Michoro ikatupwa kabatini. Fideli alinitazama, kisha akaenda kuifunika mashine yake.

Kisha ukaja ugonjwa ule ambao hatukuthubutu kuutaja, ukamkuta na yeye. Mashine ikawa yangu, nami nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikapita mstari wake. Poromoko lilikuwepo, palepale alipolichora.

Nilikwenda kwao kumwona.

"Umepima tena?" akauliza.

"Bado."

"Ukipima, mwambie mzee kimo nilikitoa."

Walimzika kwenye kibanja chao, kati ya migomba, kaburi likapakwa chokaa. Mti wa hapo kwao tuliokuwa tukiulenga, mojawapo ya zile alama mbili, ulishakatwa, na kutoka ziwani hakikuonekana kingine cheupe pale mlimani. Basi nikalenga kaburi lake, miaka yote hadi nilipostaafu. Poromoko nililiripoti kama nimeligundua mimi; kwamba Fideli alikitoa kimo, mzee sikumwambia.

Siku ya kuniaga walinipa mchoro wa lile poromoko ndani ya fremu, jina langu limeandikwa chini. Nimeutundika sebuleni kwangu hapa Bilele, Bukoba mjini. Wageni wakiusifu, wivu unanipanda upya, maana najua wanamsifu Fideli.