Bakuli Halirudi Tupu

Mimi nina hasira za karibu, na safari ile aliyenichokoza alikuwa mbuzi. Mimi na dada yangu tunauza chipsi na mishikaki karibu na stesheni ya Tabora, na wateja wa kubeba tulikuwa tukiwafungia kwenye viboksi vyeupe vya plastiki. Siku moja nikamkuta mbuzi wa jirani mtaroni anatafuna kiboksi chetu, kachumbari alishaimaliza. Nikawaza, huyu kesho ni mshikaki wangu, na plastiki yote ile tumboni.

Nikatangaza hapo hapo kwamba viboksi basi. Mkaa tulishauacha, tunapikia pumba za mpunga kutoka Igunga. Sasa tungeacha na plastiki. Anayebeba apewe bakuli la bati lenye mfuniko, akishakula alirudishe. Dada alicheka mpaka akakaa chini, akaniuliza mabakuli yenyewe yako wapi. Kiburi kikanituma nyumbani kutoa kabatini mabakuli ya mama, yale ya maua aliyonipa nilipoolewa, akaniambia nikiyapoteza nisimwite mama tena.

Mwanzoni mtaa ulinisifu. Kisha mabakuli yakaanza kuadimika, mwisho yakatoka yote na halikurudi hata moja. Mwalimu mmoja, mteja wangu wa kila jioni, akawa akiniona anavuka barabara. Fundi cherehani wa jirani akaacha chipsi kabisa, eti daktari kamkataza mafuta. Watu wazima, jamani! Dada alinunua viboksi upya akavipanga mahali ninapoviona. Mara mama naye akapiga simu kutoka Nzega: akimaliza kuvuna karanga anakuja kunitembelea.

Nikajifunga khanga kiunoni, nikaenda kuyasaka. Nilianza kwa bibi mmoja wa mtaa wa nyuma, mpenzi wa chipsi mayai. Shikamoo niliitoa kwa mdomo tu, macho yalishafika kabatini: bakuli la mama lile pale, limesuguliwa linang'aa, limefunikwa kitambaa cha kufuma. Nikalidai. Bibi akalikumbatia.

"Nikurudishie tupu, mwanangu? Kwani mimi nimelelewa wapi?"

Nikamwambia chipsi alizinunua, sikumpa zawadi.

"Chipsi nilinunua, bakuli uliniazima. Ngoja karanga zangu zikomae. Bora lawama kuliko fedheha."

Nilirudi mikono mitupu. Hasira zote zilinitoka nikabaki na aibu, maana hata mimi sijawahi kurudisha chombo cha mtu kitupu. Kumbe mtaa mzima ulikuwa unangoja mavuno! Nikabandika tangazo kwamba hata mabakuli matupu yanapokelewa. Mwalimu akalisoma kwa mbali, akamtuma mtu aje kuniambia nimewatukana.

Mvua zilipokatika, yakaja. Bakuli la karanga, la michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, la maharage, la asali ya porini. La mwalimu lilikuwa na mayai, na la fundi lilijaa vitambaa vya kufutia mikono alivyovishona mwenyewe. Bibi alileta lake kichwani, mchana kweupe, ili watu waone. Dada alivichukua viboksi vyake akaoteshea miche ya nyanya, na mpaka leo hajakiri kwamba nilishinda.

Mama alipofika, mabakuli yote yalikuwa mezani. Akayakagua moja moja. Akafika kwenye lile kubwa la waridi jekundu, akaligeuzageuza.

"Hili si langu," akasema taratibu. "Ni la jirani yetu kule Nzega. Lilikuja na uji siku uliyozaliwa. Kila nikitaka kulirudisha, nakosa cha kutia."

Nina mtoto chuoni, mimi. Na ndilo bakuli aliloniusia kuliko yote.

Akalijaza asali ya wateja wangu mpaka mfuniko ukakataa kukaa, akalifunga kwa khanga, na asubuhi akapanda nalo basi amelipakata. Jioni akapiga simu. Jirani alilia, akalibusu bakuli, akaonja asali, kisha akaulizia mfuniko.

Mfuniko ninao hapa, juu ya kabati, nimeusugua unang'aa. Dada kila siku ananiuliza kwa nini siupeleki, basi za Nzega si zipo? Zipo. Nangoja maembe yaive.